Mikwaruzo Mitatu ya Remahery

Pale Andasimanga, mji wa wachimba mawe ya buluu kando ya barabara ya lami iendayo Toliara, hakuna kitu kisichokwaruzwa. Mchanga wenyewe una meno. Ukisahau sufuria nje siku tatu, upepo unaisugua mpaka unaweza kuchania nywele mbele yake. Kuku hutaga mayai yenye michoro. Na simu ndiyo usiseme: asubuhi kioo kimetoka dukani kinateleza kama kambare, jioni kimekuwa kisigino cha mtu anayelima peku.

Ndiyo maana Vaviroa hakulala njaa. Meza yake ilikuwa mlangoni kabisa mwa soko la mawe, na juu yake alipanga protekta za simu kama mtu anayepanga maandazi, pembeni chupa ya spiriti, kitambaa cha pamba, na kadi ya benki ya marehemu fulani ambayo aliitumia kusukuma mapovu ya hewa. Mteja akija na simu mpya, Vaviroa hakumwambia karibu wala nini. Alimtia kidole mfukoni mwa suruali, akachota vumbi la kwenye mshono, akamwonyesha.

"Humu ndimo unamomlaza mtoto wako uchi?"

Wapo waliobisha. "Dada, muuzaji kaniambia kioo hiki ni cha siku hizi. Hata kisu hakikikwaruzi."

"Kasema kweli. Kisu hakikifanyi kitu, funguo hazikifanyi kitu. Chuma kinapita juu ya kioo kama ulimi. Jiwe ndilo linalouma. Sasa niambie, mfukoni mwako umebeba visu au umebeba mchanga wa Andasimanga?"

Mbishi alitoa noti zake za ariari akalipa.

Uso wake mwenyewe Vaviroa aliupaka liwa ya njano kuanzia paji hadi kidevu, kama wanawake wote wa kule, ila yeye aliipaka nene. "Hii protekta yangu," alisema. Chini ya liwa kulikuwa na makovu, na kila kovu lilikuwa na mwenyewe. La kwenye nyusi lilikuwa la mume wake wa kwanza, aliyempiga kwa ubao wa dirisha. Vaviroa akamjibu kwa dirisha zima, pamoja na kipande cha ukuta. La shavuni lilikuwa la ng'ombe dume aliyemkosea njia. La kidevuni alilipata kwenye mieleka ambayo kule huchezwa msibani, alipovaa suruali na kofia ya kaka zake akaingia uwanjani kama mwanamume. Aliwabwaga vijana watatu. Wa nne akamkwaruza kwa pete, kofia ikaanguka, nywele zikamwagika, na yule kijana wa nne hajaoa mpaka leo.

Mtu mmoja tu duniani alimpiga Vaviroa bila kurudishiwa, naye ni Tovo, mdogo wake wa mwisho, aliyempiga mateke mgongoni kwa miaka miwili alipokuwa akimbeba. Mama yao alifariki Tovo akiwa na wiki tatu. Vaviroa akamlea kwa maji ya ukoko wa wali na matusi. Tovo alipokua mkubwa alikwenda kuchimba kwenye shimo la Soanala.

Soanala alikuwa mwanamke mnene mwenye upawa mkononi mchana kutwa. Aliwalisha wachimbaji saba wali na maharage, nao wakipata jiwe anachukua nusu, nusu wanagawana. Sheria zake hazikuandikwa popote lakini kila mtu alizijua. Hakuna anayeshuka shimoni na simu. Simu zote zinakaa kwenye kikapu kando ya jiko. Hakuna anayepima jiwe peke yake. Jiwe la kweli hukwaruza kioo, la uongo huteleza, kwa hiyo linapimwa kwenye kipande cha chupa alichokivaa Soanala shingoni, mbele ya macho ya wote, kwa mikwaruzo mitatu iliyonyooka: wa kwanza wa waliolala makaburini, wa pili wa ardhi iliyotoa, wa tatu wa watakaokula. Ukikwaruza mara moja au mbili, waliolala wanakasirika na jiwe linageuka kipande cha chupa ya soda mkononi mwako. Yapo majina ya watu waliowahi kupatwa na hayo, na wengine wao walikuwa matajiri kabla ya chai.

Na atakayewaficha wenzake jiwe, huyo hapelekwi kwa polisi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, siku ambayo kule watu hawapendi kuanza jambo. Jua lilikuwa halijapanda vizuri Remahery alipofika mezani kwa Vaviroa. Huyu Remahery alikuwa mvuta kamba kwenye shimo la Soanala, bingwa wa mieleka, shingo kama kinu. Aliwahi kumkamata ng'ombe kwa nundu akamkalisha chini kama mgeni. Watu walimpisha njiani hata walipokuwa juu ya baiskeli.

"Bandika," alisema, akaweka simu mezani.

"Salamu zimepanda bei?"

"Vaviroa, nina haraka. Nimetumwa kamba mpya."

Simu ilikuwa mpya, hata ile karatasi ya dukani ilikuwa bado imeng'ang'ania ukingoni. Vaviroa akanyoosha mkono avue kava. Ndivyo inavyofanyika: kava linavuliwa kwanza, protekta ikae sawa.

Remahery akamshika kifundo cha mkono. Hakumshika kwa adabu. "Kava usiguse."

"Itapinda."

"Ipinde. Na weka ile yenye gundi nzito, ile inayojaza mikwaruzo isionekane."

Vaviroa akautazama mkono uliomshika mpaka mkono wenyewe ukaona aibu ukamwachia. Akapaka spiriti, akafuta, akaigeuza simu juani. Pale pembeni chini, karibu na ukingo, kulikuwa na mikwaruzo mitatu midogo. Mifupi, imenyooka, imefuatana kama sindano kwenye mto wa fundi.

"Kioo cha wiki moja na kimeshaumwa," alisema. "Umelala na nani?"

"Funguo."

"Funguo!" Vaviroa akacheka mpaka liwa ikapasuka kwenye mashavu. "Funguo za nyumba gani hizo, bwana? Za peponi?"

Remahery akainama, mdomo ukamfikia sikioni. "Unalipwa kubandika, hulipwi kusoma. Nikisikia umetaja kioo changu kwa mtu, hii meza nitakulisha. Kuanzia mguu huu wa chuma."

Vaviroa alikuwa ameshatishiwa na watu wenye bunduki na wenye kesi, kwa hiyo akabandika. Lakini alipoweka simu mezani asukume mapovu kwa kadi ya marehemu, simu ikayumba. Akibonyeza huku, inainuka kule, kama kiti chenye mguu mfupi. Akabonyeza tena, ikayumba tena. Akafikiri ni kava la bei rahisi, akasukuma mapovu hivyo hivyo. Gundi ikaingia kwenye mikwaruzo, mikwaruzo ikatoweka kabisa, kioo kikawa kama hakijawahi kutenda dhambi.

Remahery akalipa bila kudai chenji. Hilo nalo Vaviroa aliliona. Akavuka barabara, akaketi kwenye kibanda cha wali, akaagiza sahani mbili.

Hakuwa amemaliza sahani ya kwanza Bao alipotokea. Bao ndiye aliyekuwa akichota maji ya shimo la Soanala. Alikuja mbio ndoo kichwani, na alipofika ndoo ilikuwa haina hata tone, maji yote yalikuwa kifuani mwake.

"Dada Vaviroa! Wanamuua Tovo!"

"Nani?"

"Wote! Jiwe limepotea!" Akashika meza apate pumzi. "Alfajiri Tovo alikuwa chini. Akapiga kelele, jiwe! Kubwa kama yai la njiwa, ila bapa! Akalitia kwenye ndoo na changarawe, ndoo ikavutwa. Ilipofika juu, changarawe ipo, jiwe hakuna. Remahery aliyevuta kaapa hakuna jiwe lililopanda. Soanala akatupekua sote, mpaka masikio, mpaka nywele zikafumuliwa. Hakuna kitu. Basi kasema, kama halikupanda, liko na aliye chini. Wameacha kumpulizia hewa."

Mashimo ya Andasimanga ni membamba kama koo. Mtu akishuka, wenzake wawili wanabaki juu na mfuko wa nailoni mrefu kama ng'ombe wawili, wanaujaza upepo na kuukamua kwenye bomba linaloshuka mpaka chini. Mfuko ukilala, aliye chini anabaki na hewa ya kutosha kusali sala mbili, na ziwe fupi.

Vaviroa akasimama. Hakulia. Akageuza kichwa polepole akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha wali. Mikwaruzo mitatu. Iliyonyooka. Wa makaburini, wa ardhi, wa walaji. Na simu inayoyumba mezani.

"Bao," alisema, "kaa kwenye meza yangu. Akija mteja mwambie nimekwenda kubandua."

Pale kibandani kulikuwa na birika la maji ya ukoko, ya moto, yanayopelekwa mezani baada ya wali. Vaviroa akalichukua kutoka mkononi mwa mwenye kibanda, akasema "Samahani, dada," kisha akalimimina lote mapajani mwa Remahery.

Ng'ombe wote wa bonde lile waliinua vichwa. Remahery aliruka, meza ikaruka naye, maharage yakapaa yakanata kwenye paa la bati, na yapo mpaka leo. Vaviroa akaipata shingo ya shati lake kabla hajatua, akampiga kichwa cha pua. Pua ikasema kwa sauti.

"Simu!"

"Mwendawazimu wewe!"

"Lete simu!"

Ngumi ya Remahery ilipokuja, Vaviroa aliiona ikianza safari, lakini hakuwa na pa kwenda. Ikamkuta mdomoni. Jino la mbele likatoka, likavuka barabara, likapita juu ya soko na kugonga kengele ya kanisa la Kilutheri, na wazee wawili waliokuwa wanapima mawe wakavua kofia kwa ajili ya sala. Vaviroa akatema damu kwenye jicho la Remahery. Akamrukia, akamkumbatia shingo, akamng'ata sikio kwa meno yaliyobaki. Remahery akazunguka naye kama ng'ombe mwenye nyuki, akamgonga kwenye nguzo ya kibanda mara moja, mara mbili. Ya tatu nguzo ikakatika, paa likawashukia wote.

Chini ya paa kulikuwa na vumbi, sufuria na matusi. Watu wa soko walikuwa wameshazunguka, wanashangilia wasijue wanamshangilia nani.

"Mwanamume kupigana na mwanamke! Huoni haya, Remahery?"

"Haya ya nini, mwanamke ndiye aliye juu!"

Vaviroa akatoka chini ya bati kwa magoti, nguo imechanika, liwa imechanganyika na damu mpaka uso ukawa kama mchuzi. Mkononi alikuwa na simu. Hakusimama kueleza. Akakimbia.

Kutoka sokoni hadi shimo la Soanala ni mwendo wa kupika wali. Vaviroa aliukimbia kabla maji hayajachemka. Aliruka mashimo ya watu wengine, waliokuwa chini wakadhani ni wingu limepita. Nyuma yake Remahery alikuwa anakuja, kashika mapaja, anachechemea, anapiga kelele, "Mwizi wa simu! Mkamateni!" na nyuma ya Remahery nusu ya soko.

Alipofika, mfuko wa hewa ulikuwa umelala chini kama ngozi ya nyoka. Wachimbaji walikuwa wamesimama mduara, hakuna anayemtazama mwenzake. Kamba ya Tovo ilikuwa inaning'inia shimoni, na ilikuwa inatikisika. Inatikisika, inatulia, inatikisika.

"Hewa!" Vaviroa alisema, na damu ikatoka pamoja na neno.

Soanala akamsimamishia upawa kifuani. "Rudi ulikotoka, Vaviroa. Mdogo wako anasema jiwe limepanda. Mvuta kamba anasema halikupanda. Alilonalo alitaje, atapanda yeye."

"Ataje nini, kwa pumzi ya nani?"

"Hiyo ndiyo shida yake."

Vaviroa akaupiga ule upawa teke, ukaruka ukazama kwenye sufuria ya maharage. Wachimbaji wawili wakamkamata mikono. Mmoja akapata kiwiko cha tumbo, akakaa chini kufikiri maisha. Wa pili akamsokota mkono nyuma mpaka bega likalia.

"Muueni mdogo wangu kama mnataka," Vaviroa alisema kwa meno yaliyofungwa, "lakini tazameni hiki kioo kwanza. Soanala, wewe unajua mikwaruzo kuliko mtu yeyote hapa. Tazama."

Kamba ikatikisika. Sasa ilikuwa inachukua muda kati ya mtikisiko na mtikisiko.

Soanala hakupenda kuambiwa anajua halafu asionyeshe. "Mwachie mkono," alisema. "Na nyie, mifuko miwili ya hewa. Miwili tu."

Mfuko ukajazwa, ukakamuliwa, ukajazwa, ukakamuliwa. Chini kabisa mtu akakohoa.

Vaviroa akachomeka ukucha chini ya protekta, kwenye pembe, akaibandua yote kwa mvuto mmoja. Hajawahi kubandua kazi yake mwenyewe kwa furaha namna ile. Akafuta gundi kwa upindo wa lamba, ile shuka aliyojifunga, akakipulizia kioo mvuke wa mdomo. Mikwaruzo mitatu ikatoka, mifupi, imenyooka.

Soanala akaisogeza simu juani. "Simu ya nani?"

"Ya anayekuja yule."

Remahery akaingia mduarani, anahema, pua imevimba kama nyanya. "Huyu mwanamke kaniibia. Kanimwagia maji ya moto na—"

"Hii mikwaruzo," Soanala alisema. "Umeitoa wapi?"

"Funguo. Mfukoni. Kila mtu simu yake imekwaruzwa na funguo."

"Leta hizo funguo," Vaviroa alisema.

Hakuzileta, akaletewa. Mchimbaji mmoja alikuwa na rundo zima kiunoni. Vaviroa akachagua kubwa kuliko zote, akaikandamiza kwenye kioo mbele ya watu, akaivuta kwa nguvu zake zote za kuwabwaga vijana watatu. Ukabaki mstari wa kijivu. Watu wakaguna. Remahery akaanza kutabasamu. Vaviroa akatema mate kwenye kidole, mate mekundu, akafuta. Mstari ukatoka. Kioo kikabaki kama kilivyokuwa, na ile mitatu pale pale.

"Chuma kinalamba," alisema. "Miaka tisa nawaambia watu, hamnisikii. Kinachouma ni jiwe."

"Basi ni mchanga!" Remahery alipaza sauti. "Nani hana mchanga mfukoni hapa?"

"Mchanga unakwaruza ovyo ovyo kama kuku. Tangu lini mchanga umejua kuhesabu mpaka tatu?"

Hata nzi wa kwenye maharage walitua.

Hapo ndipo kila mtu alipoona kilichotokea huko porini alfajiri ile: Remahery kajificha nyuma ya kichaka kabla hajapekuliwa, jiwe mkononi, hajui ni la kweli au ni takataka. Chupa ya Soanala hana. Kioo kilichopo karibu ni cha simu yake, aliyoichomoa kikapuni. Angekwaruza mara moja tu na kwenda zake, nani angejua? Mkwaruzo mmoja kila mtu anao. Lakini aliogopa waliolala, aliogopa jiwe lisimgeukie chupa ya soda. Mwizi, na bado akawapa marehemu haki yao.

Kamba ikatikisika kidogo sana, kama mkia wa ng'ombe anayesinzia.

"Lipo wapi?" Soanala aliuliza, na sauti yake haikuwa ya upawa tena.

"Mmenipekua! Mmenipekua mpaka masikio!"

"Na simu yake mliipekua?" Vaviroa alisema. Akaiweka ile simu juu ya mgongo wa sufuria iliyofunikwa. Akagusa pembe moja kwa kidole. Simu ikayumba.

Remahery akaja. Alikuja kama anavyokuja uwanjani, kichwa chini, mikono wazi, na ardhi ikajua. Vaviroa aliikwapua simu akaikumbatia, wote wawili wakaanguka, wakabingirika mpaka ukingoni mwa shimo, changarawe ikamiminika kwa Tovo. Remahery akampanda juu akamkaba koo kwa mikono miwili. Macho ya Vaviroa yakaanza kuona viti vya mababu. Lakini mikono yake ilikuwa huru, na mdomo wake haukuhitaji koo kwa kazi iliyobaki. Akaliweka lile kava kati ya meno, upande ambao meno bado yalikuwepo, akavuta. Kava likapasuka. Likatemwa.

Jiwe likaanguka juu ya titi lake, la buluu, bapa, pana kama yai la njiwa kweli. Nyuma ya simu kulikuwa kumechimbika pale lilipokuwa limelala.

Mikono iliyomkaba ikalegea yenyewe.

Watu sita waliinama kulitazama jiwe. Soanala akashika kipande cha chupa shingoni, tayari kupima.

"Hewa!" Vaviroa alikoroma. "Hewa kwanza, mbwa nyinyi! Hilo jiwe halipumui!"

Wakaurukia mfuko. Waliupuliza kama watu waliochanganyikiwa, wengine wakaivuta kamba wote kwa pamoja, na Tovo akatoka shimoni kama kizibo, midomo imekuwa na rangi ya jiwe lenyewe. Hakusogea. Vaviroa akamzaba kofi la kulia. Akamzaba la kushoto. La tatu lilisikika Toliara.

"Dada," Tovo alisema bila kufungua macho, "unaniumiza."

"Nyamaza. Pumua."

Yaliyompata Remahery hayasimuliwi watu wakila wali. Walimpiga kwa makoleo, kwa ndoo, kwa mpini wa sururu. Soanala alimpiga kwa upawa mpaka ukabaki mpini, kisha akampiga kwa mpini. Mbavu zilihesabiwa kwa sauti. Bingwa wa mieleka akalia mama, na mama yake yuko Betioky, mbali. Halafu wakamfunga ile kamba ya Tovo kiunoni, wakamshusha shimoni, wakaulaza mfuko wa hewa chini.

"Nani anakaa na mfuko?" Soanala aliuliza.

"Mimi," Vaviroa alisema. Akauwekea mguu juu.

Hakuna aliyethubutu kumwambia autoe. Alikaa pale juu ya ndoo iliyogeuzwa, mguu kwenye mfuko, kidole kwenye pengo la jino, macho kwenye kamba. Tovo alikuwa amelala kando yake, anakohoa vumbi. Muda ukapita. Kamba ikatikisika.

"Mmoja," Vaviroa alisema. "Wa waliolala."

Muda ukapita zaidi.

"Wa pili. Wa ardhi."

Wachimbaji walianza kutazamana. Bibi mmoja wa sokoni akasema taratibu, "Mwanangu, atakufa huyo." Vaviroa hakugeuka. Jua likamchoma kisogo, damu ikamkauka kidevuni juu ya kovu la pete.

Kamba ikatikisika mara ya tatu, kidogo, hata mtu angesema ni upepo.

"Wa walaji," alisema, na akaondoa mguu.

Remahery alitolewa akiwa hai, kama uhai ni kule kupumua tu. Walimvua viatu na shati, wakamwonyesha barabara. Wanasema alitembea mpaka Toliara anahesabu mpaka tatu, kisha anaanza upya, na hajashika ng'ombe wala mtu tena. Kila akisikia mfuko wa nailoni unapeperuka, anakaa chini.

Jiwe lilipimwa kwenye chupa kwa mikwaruzo mitatu, likauzwa, watu wakagawana. Soanala akajenga nyumba ya matofali na kununua upawa wa chuma. Na kabla watu hawajatawanyika, akaongeza sheria moja: kuanzia siku ile, mchimbaji yeyote wa Andasimanga, shimo lake au la mwingine, marufuku kubandika protekta. Simu ikae uchi. Kila jioni kioo kikaguliwe juani, na mikwaruzo isomwe. Mashimo mengine yakaipenda sheria hiyo, na wiki haikuisha ikawa mwiko kama kupiga mluzi shimoni.

Ndivyo Vaviroa alivyojikatia riziki kwa ukucha wake mwenyewe. Zaidi ya nusu ya wateja wake walikuwa wachimbaji. Alibaki na wanunuzi wa mawe, wauza wali, wachungaji wa kanisa na wake za watu. Vioo vya vijana wa mjini vikawa kama mgongo wa mamba, wanasoma jumbe za wachumba kwa kubahatisha, na wawili wameoa wasiowataka.

Mwezi wa pili tangu siku ile, Tovo akaja mezani. Soanala alikuwa amemfanya yeye ndiye mkaguzi wa vioo pale shimoni, kwa vile hakuna aliyelipia sheria ile kuliko yeye. Alikuwa na simu mpya. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Dada. Nibandikie moja. Ile nyembamba, hakuna atakayeona."

"Kwa nini?"

"Ah, dada! Kioo kinakwaruzika haraka mno. Wewe mwenyewe ndiye unayesema kila siku."

Vaviroa akaipokea simu. Akalivua kava, akalikung'uta, akalitazama ndani mpaka kwenye tundu la kamera. Akailaza simu mezani, akabonyeza pembe zote nne, moja baada ya nyingine. Haikuyumba. Akaipaka spiriti, akaifuta, akainyanyua juani, akaigeuza huku na huku, jicho moja amelifumba.

"Unatafuta nini, dada?"

"Nyamaza. Pumua."

Kioo kilikuwa na mkwaruzo mmoja. Vaviroa akausogelea mpaka pua ikagusa. Ulikuwa mrefu, umepinda, hauna mwenzake. Mchanga tu.

Hapo ndipo alipoweka simu chini, akachukua ile kadi ya marehemu, akamchapa nayo Tovo kwenye pua, kwenye sikio la kulia na kwenye sikio la kushoto.

"Kafanye kazi," alisema, akamrudishia simu yake uchi.